Tuta la Mama, Honi ya Baba

Nikisikia honi ya lori, ile ya zamani iliyovutwa kwa kamba, mkono wangu wa kulia huinuka wenyewe. Umewahi kuinuka sokoni, umewahi kuinuka kanisani wakati mchungaji anauliza nani hajaokoka, na siku moja uliinuka benki mpaka karani akadhani nataka kuhudumiwa kabla ya wenzangu. Watoto wangu wamezoea. Wajukuu huniiga wakifikiri sioni. Mimi nilishaacha kuuzuia, maana mkono huo ulijifunza kazi yake kabla sijajua kusoma.

Baba alikuwa dereva. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa Kitui mjini, lori la bluu lenye pua ndefu. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi alitoka mjini na sukari, unga, mafuta ya taa na misumari, akaelekea Mutomo na mbele ya Mutomo, na kesho yake alirudi na magunia ya ndengu na mbaazi, ngozi za mbuzi, na mara nyingine mbuzi wenyewe. Siku za kazi alilala kwa tajiri. Nyumbani tulimpata Jumamosi jioni na Jumapili, na Jumapili yenyewe nusu ilikuwa ya kanisa na nusu ya kusinzia kwenye kiti. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama, kama ilivyo desturi kwetu.

"Mama, umekua?" aliniuliza kila wiki.

"Nimekua."

"Haya, kua tena."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na sikulalamika. Wenzangu wengine baba zao walikuwa Mombasa, na walionana nao Krismasi kwa Krismasi.

Tena mimi nilikuwa na honi. Shule yetu ilijengwa kwenye mteremko, kando ya barabara ya murram, ya changarawe nyekundu, itokayo Kitui kwenda Mutomo. Ukisimama langoni, upande wa juu kulikuwa na kilima ambako magari yalitokezea, na upande wa chini kulikuwa na mto. Nasema mto kwa heshima tu. Miezi kumi ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu, mpana na mlaini, na wanawake walichimba visima humo ndani kutafuta maji. Daraja hakukuwa. Gari lililotaka kuvuka lilitakiwa kushuka na kasi yote liliyokuwa nayo, lipite juu ya mchanga kabla mchanga haujajua. Likisita katikati, lilizama mpaka ekseli. Kwa hiyo kila dereva, mwema na mbaya, alipofika kileleni alikanyaga mafuta. Na kati ya kilele na mto ndipo tulipokuwa sisi, watoto mia mbili na kitu, na lango lisilo na mlango.

Baba alipotokeza juu ya kilima alivuta honi mara mbili, akatulia, akavuta mara ya tatu. Ile ya tatu ilikuwa yangu. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliamua mwenyewe. Ilikuwa saa nne, wakati wa mapumziko, tumeshika zile pakiti za pembe tatu za maziwa ya shule, na honi ikilia tulizitupa hata kama hazijaisha. Tulikimbilia barabarani wote. Lori lilishuka likinguruma, sisi tukipunga mikono na kupiga kelele, nami mbele ya wote kwa sababu lilikuwa langu. Uso wa baba sikuuona hata siku moja. Niliona kioo kinachong'aa, kiwiko dirishani, kisha vumbi. Niliamini kwamba kadiri alivyopita kwa kasi ndivyo alivyofurahi kuniona.

Vumbi hilo ndilo lilikuwa mchezo wenyewe. Lori likishapita, tulijitosa ndani yake na kukimbia huku na huku tumefumba macho, tukigongana na kucheka. Tuliita kuogelea. Watoto wa nchi kavu wataogelea wapi? Lilikuwa na harufu ya chuma cha moto, dizeli na udongo uliokaangwa, na lilikaa puani mpaka saa sita. Mama yangu alifua sare yangu kila siku ya Jumanne na Ijumaa bila kuuliza, akidhani labda nina tabia ya kulala chini.

Mwenzangu kwenye dawati alikuwa Kavata. Alikuwa mtoto mtaratibu, wa kupangusa dawati kwa kiganja kabla ya kuweka kitabu, na mama yake alikuwa mkali kuhusu sare. Yeye hakuogelea. Alibaki langoni akinishikia sweta. Ijumaa moja honi ilipolia nilimwambia, "Leo uje. Ukikaa hapa unamwona nusu tu." Akasema hataki. Nikamshika mkono nikamvuta, kwa sababu nilitaka mtu mwenye akili amwone baba yangu vizuri, si wale wapiga kelele tu. Tulifika ukingoni lori likipita. Kisha nikamwambia, "Sasa! Ingia!" akaingia, akicheka, mara yake ya kwanza. Mimi mkanda wa sandali yangu ya akala, ya tairi kuukuu, ulichomoka, nikainama kuurudisha.

Basi la abiria lililomfuata baba sikuliona. Hakuna aliyeliona. Lilikuwa ndani ya vumbi la baba, nalo likiwahi mchanga kama magari yote. Nilisikia breki, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, na vumbi lilipotua Kavata alikuwa amelala kando ya barabara, mguu mmoja umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Hakulia. Alikuwa anautazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine.

Basi lenyewe ndilo lililompeleka hospitali ya misheni, Mutomo, na mwalimu mkuu akiwa amempakata. Paja lilikuwa limevunjika pawili. Alikaa huko muhula mzima. Baba alikuwa keshavuka mto, hakujua lolote mpaka alipofika Mutomo akasikia sokoni. Alikasirika sana. "Hawa madereva wa basi wako na wazimu," alisema Jumapili ile, na watu wote waliokuja nyumbani waliitikia. Kila safari alipitia hospitali na mkate na robo ya sukari kwa ajili ya Kavata. Kuhusu sababu ya watoto kuwa barabarani, wazee walisema bila shaka walikuwa wanavuka kwenda kuchota maji. Hilo liliingia akilini, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi.

Mimi nilikuwa najua, nami nilinyamaza. Natamani niseme niliogopa kiboko. Haikuwa kiboko. Nilijua kwamba nikisema, honi itanyamazishwa, na bila ile honi nitabaki na Jumapili peke yake. Mtoto wa darasa la tatu alipima mguu wa rafiki yake na honi ya baba yake, akachagua honi. Wakati baba alipovuta kamba kule juu, mara mbili, kisha ya tatu, sasa nilijifungia chooni na kuziba masikio, na bado niliihesabu.

Kamati ya shule iliandika barua kwa ofisi ya barabara. Baada ya muda kililetwa kibao cha pembe tatu, chenye mchoro wa watoto wawili wanaokimbia na mikoba. Tulikisoma tukaelewa kwamba serikali imetuambia tukimbie. Tulikimbia kweli, wiki nzima, kila tulipokipita. Madereva nao nadhani walielewa vivyo hivyo, maana hakuna aliyepunguza kasi. Mbuzi ndio waliokiheshimu, kwa kujikunia mgongo kwenye nguzo yake.

Sasa nimseme mama. Alikuwa kiongozi wa mwethya, kikundi cha wanawake waliofanya kazi kwa zamu katika mashamba ya kila mmoja wao, wakiimba. Shingoni alivaa filimbi. Ikilia mara moja majembe yaliinuka, ikilia mara mbili yalipumzika, na hakuna mume yeyote kijijini aliyetiiwa namna hiyo. Kazi yao kubwa ilikuwa matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, ukingo unainuka, na mvua ikija maji yanagonga tuta, yanatulia, yanazama shambani badala ya kukimbia na udongo wako mpaka mtoni. Bwana Shamba alikuja kuwafundisha miaka mingi nyuma, na kufikia wakati wangu yeye ndiye aliyekuja kujifunza. Mama alikuwa na kamba yake na pima maji yake, na aliweza kuutazama mteremko wowote akakwambia maji yatapita wapi.

Jumapili moja, baba akiwa kitini, mama alimwambia, akimwita kwa jina la kaka yangu, "Baba Musyoka, hapo shuleni upunguze."

"Nikipunguza mchanga unanimeza," baba alisema. "Hiyo gari iko na tani saba. Itasukumwa na nani, wewe?"

"Tutasukuma. Lakini upunguze."

"Ongea na watu wa basi. Mimi sijagonga mtoto."

"Naongea na yule nimeolewa na yeye."

"Mama Musyoka, wewe unajua shamba. Mimi najua gari."

"Sawa basi," alisema mama, akaondoa sahani. Baba alirudi kusinzia, akidhani ameshinda. Wanaume waliooa watanielewa.

Nilimsikia jikoni akiongea na mama yake Kavata, ambaye naye alikuwa mwethya. "Tuliweka kibao," mama alisema. "Maji hayasomi kibao. Ukitaka maji yatembee polepole unayawekea tuta."

Ijumaa ile, jua likichomoza, walikuwa barabarani wanawake thelathini, majembe na sururu na makarai. Tulipofika shuleni tulikuta wamefika kiunoni. Mama alikuwa amevuta kamba yake toka ukingo hadi ukingo, akapima, na sasa alitembea nyuma ya mstari akipuliza filimbi. Walifanya kama walivyojua kufanya, hatua kwa hatua, fanya juu kamili: mtaro upande wa chini, udongo upande wa juu. Waliupiga udongo kwa migongo ya majembe mpaka ukawa laini. Kisha, kwa kuwa tuta lisilopandwa kitu huporomoka, walipanda nyasi juu yake, mstari mmoja ulionyooka, wakazimwagilia maji ya kisimani. Katikati ya barabara ya serikali. Wakanawa miguu, wakaenda shambani kwa mama Kavata kwa sababu ndiyo ilikuwa zamu yake.

Nililitazama tuta hilo kupitia dirisha la darasa nikiwa na wazo langu mwenyewe. Kazi ya tuta nilikuwa naijua. Linakamata maji, na maji yaliyokamatwa hayaendi popote, hukaa hapo hapo. Kwa hiyo nilielewa kwamba lori la baba litakamatwa na kubaki hapo shuleni, na baba atabaki nalo. Kwa somo zima la hesabu nilifurahi. Halafu, karibu na saa nne, nikakumbuka kwamba maji yakikamatwa huzama ardhini, na sikujua kama dereva naye huzama.

Honi ililia. Mara mbili. Nilitoka darasani bila ruhusa, nikapita lango, nikakimbia kupanda kilima katikati ya barabara, nikipunga mikono yote miwili na kupiga kelele asimame. Baba aliniona. Alimwona binti yake akimkimbilia kwa furaha kuliko siku zote, tena baada ya wiki nyingi za kutoonekana. Akavuta ile ya tatu, ndefu, haikuwa imewahi kuwa ndefu hivyo, akakanyaga mafuta. Niliruka kando nikaanguka kwenye miiba.

Magurudumu ya mbele yalipanda tuta vizuri kabisa. Yalipoteremka yalikuta mtaro. Mlio wa springi kubwa ikikatika ulisikika, nimeambiwa, mpaka kule shambani kwa mama Kavata, ambako majembe yalisimama bila filimbi. Magunia ya sukari yalimiminika. Nzioka, taniboi wake, yaani utingo, aliyekuwa amekaa juu ya turubai, alitupwa kwenye kichaka cha ukingoni, akatoka humo akiwa mzima na akiwa na maneno ambayo hatukuwa tumefundishwa. Baba alishuka akishika paji la uso, damu kidogo. Alizunguka mbele ya gari. Aliutazama mtaro, ulivyonyooka. Kisha akaziona nyasi, bado zina maji, mche mmoja baada ya mwingine kwa nafasi zinazolingana, na nikaona mabega yake yakishuka. Alijua mkono ule. Alikuwa anakula mazao yake.

"Ni nani amefanya hii kitu?" Nzioka alikuwa anapiga kelele.

"Nyamaza," baba alisema. "Okota sukari."

Jumatatu walikuja chifu, askari wake wawili, na tajiri kutoka mjini na gari dogo. Mkutano ulifanyika darasani kwetu, watu wazima wakiwa wamejibana kwenye madawati yetu, magoti yakiwa karibu na videvu. Nyuma ya chifu, kwenye ukuta, kulikuwa na karatasi ya mwalimu yenye methali, "Haraka haraka haina baraka". Sisi tulining'inia madirishani.

"Barabara ni ya serikali," chifu alisema. "Hata mimi siwezi kuichimba. Nataka kujua ni nani amechimba, na huyo ataenda na hawa askari mpaka Kitui leo."

"Ni mwethya," wanawake walisema.

"Mwethya haifungwi pingu. Nataka jina."

"Andika mwethya," alisema mama yake Kavata. "M-w-e. Nitakusomea."

Tajiri hakucheka. Alimgeukia baba. "Wewe ndiye ulikuwa hapo. Wewe ni dereva wangu. Sema ni nani, ama uniletee funguo za gari yangu sasa hivi."

Baba alikuwa amesimama kando ya ubao na plasta usoni. Hakumtazama mama. Mama alikuwa dawati la mbele, mikono juu ya dawati, filimbi kifuani, mgongo wima. Nilimjua. Alikuwa anangoja tu mumewe amalize, kisha asimame ataje jina lake kwa sauti ya kanisani, apelekwe.

"Mimi nauliza kitu kimoja," baba alisema. Aliongea na wanawake, si na chifu. "Mtoto aligongwa na basi. Si mimi. Nimempelekea mkate kila wiki kama mtoto wangu. Sasa kwa nini mnavunja gari yangu? Nimewakosea nini?"

Hawakujua. Aliyejua alikuwa dirishani. Nilimwona mama akianza kusukuma dawati ili asimame.

"Alikuwa anakuja kukuona," nikasema.

Vichwa viligeuka. Sauti yangu haikuwa kubwa, nilitamani isiwe imetoka.

"Kavata," nikasema. "Nilimwita mimi. Hakutaka. Nilimvuta nikamwambia aingie kwa vumbi. Ulipiga honi."

Baba alikuja mpaka dirishani. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. "Siku ile, mama?"

"Kila siku. Ukipiga honi tunakuja wote."

"Wote?"

"Shule yote," alisema mtoto mwingine nyuma yangu, akitaka kusaidia. "Hata wa nasari."

Baba alikuwa hajui. Nimefikiria jambo hili maisha yangu yote, na naamini hakujua. Toka juu ya kilima aliona mikono midogo ikipunga, na mara akapita, na nyuma yake kulikuwa na vumbi tu. Hakuwahi kuona watoto wakiingia ndani yake. Baba aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa kuvuta kamba, akaugeuza, akautia mfukoni mwa koti.

"Bwana Chifu, andika hivi," alisema. "Springi ilikuwa imechoka. Nilijua imechoka na nikaendesha. Hakuna mtu alivunja gari. Ni mimi."

"Unajua unachosema?" tajiri aliuliza.

"Najua, tajiri." Akatoa funguo, akaziweka juu ya dawati mbele ya mama.

Chifu aliandika. Naye alikuwa na watoto wawili katika shule ile, mmoja wa nasari. Aliamuru mtaro ufukiwe kabla ya jua kuzama, na nyasi ziondolewe, maana hakuna sheria ya kupanda nyasi barabarani. Kuhusu udongo ulioinuka alisema hajaona udongo wowote. Ndivyo tuta lilivyobaki, la mviringo, linalopandwa na kuteremkwa na gari lolote lenye subira.

Ulibaki mchanga. Gari likipunguza kasi kwenye tuta litavukaje mto? Baba, ambaye sasa alikuwa mtu wa nyumbani asiye na gari, alikwenda mtoni akasimama, akarudi akamwambia mama, "Mnahitaji mawe. Naweza kuwaonyesha pale magurudumu hupita." Mwethya ilibeba mawe kutoka kilimani majuma matatu. Baba alikuwa mwanamume peke yake kati ya wanawake thelathini, akiinuka filimbi ikilia mara moja na kupumzika ikilia mara mbili, na alitaniwa mpaka akazoea. Walipanga njia mbili za mawe, upana wa gurudumu, toka ukingo hadi ukingo. Nami jioni nilimkuta nyumbani, anakula, anaongea, ananiuliza mambo ya shule. Sikuwa nimekosea sana. Tuta lilimkamata baba, akabaki.

Tajiri alimwajiri dereva mwingine, ambaye aliyadharau mawe na kuzama mtoni mara mbili katika wiki moja. Mara ya pili alikaa humo siku mbili. Baba akaitwa.

Springi iliyokatika Nzioka aliitundika shuleni kwa waya, ikawa kengele yetu. Kavata aliporudi muhula uliofuata, mguu mmoja ukiwa mfupi, mwalimu mkuu alimkabidhi jiwe la kuigonga, kwa kuwa hakuweza kukimbia paredi na mtu wa kengele hahitaji kukimbia. Aliigonga mpaka darasa la saba, kwa wakati kamili. Nilimwambia nisamehe, nikilia, akaniambia alikuwa anataka kuja siku ile, ila alitaka aombwe zaidi. Sijui kama ni kweli. Kavata ni mtu wa kusema uongo wa kumsaidia mwenzake.

Jumanne ya kwanza ya baba kurudi kazini, saa nne, tulisimama ndani ya lango kama tulivyoagizwa. Lori lilitokeza kileleni. Tulingoja honi. Haikulia. Haikulia mara mbili wala ya tatu, na kile nilichonyamaza ili kisitokee kilikuwa kimetokea. Lori liliteremka kwa gia ya chini, linalalamika. Vumbi halikuwa la kuogelea, lilikuwa la kufika magotini tu. Likafika kwenye tuta, likapanda kama mzee anayepanda ngazi, na hapo juu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimwona baba akiwa kazini. Alikuwa na uso uliochoka. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja mmoja, akitafuta, mpaka akanipata.

"Mama," alisema kupitia dirishani, bila hata kupaza sauti. "Umekua?"

"Nimekua."

"Haya, kua tena."

Lori likateremka upande wa pili, likaenda zake mtoni. Niliikosa ile honi miaka mingi, sitaficha. Nilimkasirikia mama kwa ajili yake muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na mama alikufa bila kujua.

Barabara ile sasa ni lami, na mto una daraja. Mbele ya shule kuna tuta lililopakwa rangi nyeupe na njano. Mhandisi aliyelijenga alisema alikuta kuna kitu mahali pale, akaona akiendeleze.

Mwaka jana tulimzika baba. Madereva wenzake waliobaki, na vijana aliowafundisha kazi, walikuja na magari kumi na manne kumsindikiza kutoka mjini, na desturi yao ni honi. Walipiga toka lango la mochari, wakapiga sokoni, wakapiga njia nzima mpaka watu wakatoka mashambani kutazama, nami katika gari lililolifuata la jeneza, mkono wangu ukiinuka na kushuka mpaka bega likauma. Tulipofika juu ya kilima honi zilikoma. Zote, kwa pamoja. Ilikuwa Jumamosi, hata wanafunzi hawakuwapo. Magari yaliteremka kwa gia ya chini, moja nyuma ya jingine, na nikasikia matairi tu. Nilimpigia simu Nzioka, aliyekuwa kwenye gari la mbele, nikamuuliza ni nani aliyetoa amri.

"Hakuna amri," alisema. "Hapa honi haipigwi. Mzee alitufunza hivyo."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa sijalia mochari wala kanisani. Gari la jeneza lilipanda tuta polepole, likasimama kidogo pale juu kama linavyosimama gari zito, na mkono wangu ukainuka bila honi yoyote kuuita.

"Nimekua," nikasema.

Kijana aliyetuendesha, mtu wa mjini asiyejua habari zetu, alinigeukia. "Umesema nini, mama?"

"Nimesema uende polepole," nikamwambia. "Hapa kuna shule."